Ukiibiwa Kidole, Utanunua Kingine Wapi?

Ningependa kuwaomba dakika zenu chache niwaeleze jambo ambalo mimi mwenyewe sikulielewa hadi liliponibishia hodi nyumbani.

Bila shaka wengi wenu mnakumbuka mjadala wa chama chetu muhula uliopita. Hoja ilikuwa kwamba shule inunue mashine ya kutambua alama za vidole ili kuandikisha mahudhurio ya wanafunzi. Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono. Nilisema kwamba rejista ya karatasi hudanganywa mchana kweupe. Mtu huitikia "Niko!" kwa niaba ya rafiki yake ambaye bado yuko njiani, au hata hajaamka. Lakini kidole hakitumwi kama barua. Kidole huja na mwenyewe. Ukumbi ulipiga makofi, tukashinda kwa kura nyingi, nami nikaenda nyumbani kichwa kimevimba kama andazi.

Kumbe nilikuwa nimesema nusu tu ya maneno. Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, nilimsindikiza nyanya yangu sokoni kuchukua pesa zake kidogo kwa wakala. Wakala huyo hutumia kijimashine cha alama za vidole. Nyanya alilipa kitambulisho chake kwa heshima, akaweka kidole gumba. Taa nyekundu. "Panguza kidole, mama, uweke tena," wakala akasema. Akapanguza kwa leso, akaweka. Taa nyekundu. Wakajaribu kidole cha shahada, cha kati, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Watu kwenye foleni walianza kunung'unika. Mwishowe wakala akasema kwa upole kwamba hawezi kumsaidia, mashine imekataa.

Nyanya yangu ameshika jembe na kuchuma majani chai tangu akiwa msichana. Viganja vyake ni laini kama sahani mahali palipopaswa kuwa na mistari, na vigumu kama gome mahali pengine. Tukiwa njiani kurudi, mikono mitupu, na dawa zake za presha hazijanunuliwa, aliniuliza, "Mjukuu wangu, kwani mimi si mimi?" Sikuwa na jibu. Mimi, bingwa wa mjadala!

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata, na nimeyapanga kwa sehemu tatu: jinsi mashine inavyofanya kazi, hatari yake, na jinsi sheria ya nchi yetu inavyojitahidi kuikimbilia.

MASHINE HUTOA ALAMA KAMA MWALIMU

Tazama ncha ya kidole chako. Utaona mistari midogo inayozunguka. Mistari mingine hukatika ghafla, mingine hugawanyika mara mbili kama njia panda. Mashine huwa haihifadhi picha ya kidole ili kuilinganisha jinsi tunavyolinganisha picha za watu. Hutafuta zile sehemu ambapo mstari unakatika au kugawanyika, ikapima mahali zilipo na mwelekeo wake, halafu ikaandika orodha ya nambari. Orodha hiyo ndiyo inayowekwa. Siku nyingine ukiweka kidole, mashine huandika orodha mpya na kuilinganisha na ile ya zamani.

Hapa ndipo penye siri ambayo sikuijua siku ya mjadala. Orodha hizo mbili hazilingani sawasawa hata siku moja. Leo umebonyeza sana, kesho umebonyeza kidogo. Leo kidole ni kikavu, kesho kina jasho. Kwa hivyo mashine haisemi "ndiye" au "siye" kwa uhakika kama tunavyodhani. Husahihisha kama mwalimu: hutoa alama za ufanano, kisha kuangalia kama umefikia kiwango cha kupita. Na hicho kiwango cha kupita hupangwa na nani? Na binadamu.

Kiwango kikiwekwa chini sana, mtu mwingine anaweza kupita kwa jina lako. Kikiwekwa juu sana, mwenye kidole chake mwenyewe anafeli. Haiwezekani kuondoa makosa yote mawili kwa pamoja. Ukiyabana upande huu yanatokea upande ule, kama puto. Wanaofeli zaidi si wezi. Ni wakulima, wafua nguo, wachimba mawe, mafundi wa simiti na wazee, ambao kazi na umri vimewafuta mistari. Yaani mtu aliyefanya kazi sana ndiye mashine inayemkana.

Tena kuna tofauti nyingine. Kumuuliza mtu mmoja "Je, wewe ndiwe Wanjiru?" ni kazi nyepesi: orodha moja dhidi ya orodha moja. Lakini kuuliza "Huyu ni nani kati ya wote?" ni kazi nzito, kwa sababu kila jina linaloongezwa kwenye mkusanyiko ni nafasi moja zaidi ya kukosea. Ndiyo maana mtambo unaofanya vizuri dukani wakati wa kujaribiwa unaweza kuleta matatizo ukipewa taifa zima.

Hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano wa mashine kugoma. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 2013, mitambo ya kuwatambua wapiga kura ilikwama katika vituo vingi vya nchi yetu. Makarani walirudi kwenye daftari la karatasi, na watu wakapiga kura. Mnaona? Lile daftari ambalo mimi nililidharau mbele ya ukumbi mzima ndilo lililookoa siku.

UFUNGUO USIOWEZA KUBADILISHWA

Sasa tuje kwenye hatari. Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini akiba ya siri za watu huweza kuibwa. Mtu akijua nambari yako ya siri ya simu, utafanya nini? Utaibadilisha papo hapo, si ndiyo? Mwizi akichukua ufunguo wa nyumba, fundi atabadilisha kitasa. Lakini alama za kidole chako zikiibwa, utabadilisha nini? Una vidole kumi tu, na macho mawili, na uso mmoja. Hakuna duka la vidole.

Hizi si ndoto. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika kompyuta za idara inayoshughulikia wafanyakazi wa serikali kuu, na kwamba alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6 zilikuwa zimechukuliwa. Ikiwa nchi yenye pesa nyingi kama ile iliibiwa, sisi ni nani tuseme ya kwetu hayaibiki? Wafanyakazi hao waliweza kubadilisha maneno yao ya siri. Vidole walibaki navyo vilevile.

Mwaka uliotangulia, Desemba 2014, mtaalamu wa Kijerumani aitwaye Jan Krissler, wa chama cha wadadisi wa kompyuta kiitwacho Chaos Computer Club, alieleza mkutanoni jinsi alivyopata alama za kidole gumba cha Ursula von der Leyen, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani. Hakumgusa. Alitumia picha za kawaida zilizopigwa na kamera nzuri. Kumbe kidole si siri kamwe! Tunakiacha juu ya bilauri, juu ya dawati, juu ya mlango wa matatu. Neno la siri hukaa kichwani, lakini kidole hukaa hadharani.

Je, basi tuvunje simu zetu? La hasha. Hapa ni lazima nieleze tofauti moja muhimu. Simu nyingi za kisasa zinazofunguliwa kwa kidole huweka ile orodha ya nambari ndani ya simu yenyewe, katika sehemu iliyofungwa. Anayetaka kuiba ni lazima aanze na simu yako, halafu ya jirani, halafu ya mwingine, moja moja. Lakini alama za watu wote zikikusanywa katika kompyuta kuu moja, hapo ni kama kijiji kizima kimeweka funguo zake katika kibanda kimoja. Mwizi anahitaji kuvunja mlango mmoja tu. Kwa hivyo mtu akikuomba kidole, swali la kwanza si "mashine ni nzuri?" bali "alama zangu zitalala wapi?"

SHERIA INAKIMBIZA MASHINE

Vidole vya Mkenya vina historia ndefu na chungu. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Bila kipande hakuweza kutembea wala kuacha kazi. Kipande kilikuwa mojawapo ya mambo yaliyomfanya Harry Thuku apaaze sauti. Alipokamatwa, watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi tarehe 16 Machi 1922, na wengi wakauawa kwa risasi. Hadi leo wazee hukiita kitambulisho "kipande". Neno limebaki ingawa mnyororo umekatwa.

Ninataja hayo si kwa sababu serikali huru ni sawa na mkoloni. Ninayataja ili tukumbuke kwamba kuchukua alama za mtu si jambo dogo kama kumuuliza jina. Ndiyo sababu Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, yaani mambo yake ya ndani yasichunguliwe wala kudaiwa bila sababu ya haki.

Haki hiyo ilipimwa hivi karibuni. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria ya usajili wa watu ili kuanzisha mfumo mmoja wa taifa wa kutunza habari za kila mkazi. Sheria hiyo iliruhusu hata kuchukuliwa kwa DNA, yaani chembechembe za urithi wa mwili, na kuonyeshwa kwa mahali hasa mtu anapoishi kwa kutumia setilaiti. Mwaka 2019 mamilioni ya Wakenya walipiga foleni kujiandikisha kwa Huduma Namba na kutoa alama za vidole vyao. Wakati huo hatukuwa na sheria ya kulinda data. Yaani maziwa yalikamwa kabla ya kibuyu kutafutwa!

Jumuiya ya Wanubi, pamoja na mashirika ya haki za binadamu, walikwenda mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walitoa uamuzi. Walikataza kuchukuliwa kwa DNA na kule kuonyesha makao kwa setilaiti, wakisema ni kinyume cha Katiba. Hawakuuvunja mpango wote. Walisema unaweza kuendelea iwapo kutakuwa na kanuni kamili za kuulinda. Na jambo moja walilolitambua lilinifanya niruke kitini nilipolisoma: kwamba kuna wananchi walio katika hatari ya kuachwa nje kwa kukosa vyeti au kwa kuwa alama zao za vidole si nzuri. Majaji walikuwa wamemwona nyanya yangu kabla yangu.

Wakati huo sheria yenyewe ilikuwa imepatikana. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, na mwaka uliofuata Bi. Immaculate Kassait akaapishwa kuwa Kamishna wa Data wa kwanza. Kwa ufupi, sheria hiyo inasema hivi: anayechukua habari zako ni lazima akuambie anazitaka kwa nini, achukue zinazohitajika tu, azitumie kwa kazi hiyo tu, azilinde. Wewe una haki ya kuziona, kusahihisha zenye makosa, kupinga zisitumiwe, na kuomba za uongo zifutwe. Alama za mwili kama vidole na macho zimewekwa katika kundi la habari nyeti, zinazotakiwa kulindwa zaidi. Habari zikiibwa na kuna hatari ya mtu kudhurika, mwenye kuzitunza ni lazima amjulishe Kamishna katika saa 72. Na habari za mtoto zisichukuliwe bila idhini ya mzazi au mlezi wake.

Je, sheria hiyo ina meno? Hebu tuone. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kwamba kutolewa kwa kadi za Huduma kulikuwa batili, kwa kuwa serikali haikufanya kwanza tathmini ya madhara ambayo watu wangeweza kuyapata. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna iliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu, jamani! Kwa picha tu. Sasa fikirini vidole.

Mwaka huohuo, Julai 2023, kampuni ya kigeni ya Worldcoin iliwaita watu Nairobi watazame ndani ya tufe la kung'aa linalopiga picha mboni za macho. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Maelfu walipiga foleni, na ni nani atakayewalaumu maisha yakiwa magumu hivi? Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili akaamuru kwamba data za macho zilizochukuliwa zifutwe katika siku saba chini ya usimamizi wa ofisi ya Kamishna, kwa kuwa tathmini haikufanywa na idhini haikupatikana kwa njia ya haki. Idhini inayonunuliwa kwa mtu mwenye njaa si idhini kamili.

Ukitazama tarehe hizi zote utaona mtindo mmoja. Mashine ilitangulia, sheria ikafuata ikihema. Usajili kwanza, sheria baadaye. Macho kwanza, mahakama karibu miaka miwili baadaye. Lakini data zikishachukuliwa, amri ya kufuta ni kama kumwambia mtu asahau siri aliyokwisha kuisikia. Tunaweza kumwamini, lakini hatuwezi kuona ndani ya kichwa chake.

HOJA YETU TENA

Rafiki yangu mmoja aliposikia ninaandika makala haya alinicheka. "Kama huna la kuficha, unaogopa nini?" akaniuliza. Nikamuuliza naye, "Mbona unafunga mlango wa bafu?" Akanyamaza. Kufunga mlango si kuficha uovu. Ni kuwa na mahali pako.

Pamoja na hayo, sisemi mashine za vidole ni mbaya zote. Utoro upo, wizi wa majina upo, na wafanyakazi hewa hula pesa za umma. Ninachosema ni kwamba ningesimama tena mbele ya chama, ningeibadilisha hoja yangu. Kabla ya mtu yeyote kuniomba kidole, awe shule, duka au ofisi, ajibu maswali haya matano:

Kwanza, je, kazi hii haiwezi kufanywa kwa njia nyepesi, kama kadi au rejista yenye mwalimu makini?

Pili, alama zangu zitalala wapi, na ni nani mwenye ufunguo wa mahali hapo?

Tatu, nikimaliza kidato cha nne, zitafutwa lini?

Nne, mzazi wangu ameelezwa na kukubali, na akikataa sitaadhibiwa?

Tano, mashine ikinikataa na mimi ni mimi, kuna njia gani nyingine?

Hilo la tano ndilo nililiacha siku ya mjadala, na ndilo lililomrudisha nyanya yangu nyumbani bila dawa. Jumatatu iliyofuata mama aliomba ruhusa kazini, akaenda naye kwa wakala mwingine mwenye fomu na kalamu. Alitazama kitambulisho, akamtazama nyanya usoni, akamuuliza maswali mawili matatu, akamlipa. Ilichukua kama dakika kumi.

Baada ya miaka miwili, Mungu akinijalia, nitafikisha umri wa miaka 18 na kwenda kuchukua kitambulisho changu. Nitatoa alama za vidole vyangu, kwa sababu sheria inataka hivyo na nchi inahitaji kutujua. Lakini nitaenda nikijua ninachotoa. Ninyi pia, wanafunzi wenzangu, msikimbilie kila taa inayowaka na kuiwekea kidole. Ulizeni kwanza. Tahadhari kabla ya hatari.

Na kwa wale wa upande wa kupinga walioshindwa siku ile, ninawaomba radhi. Mjadala ukirudi, nitakaa upande wenu.